Kiroba Kilichofungwa kwa Kanga

Bi Arwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla ya Jumapili, maana mwenzio nimekosa raha kabisa, na majina humu nimeyageuza nisije nikajulikana kabla sijajua la kufanya.

Naishi Chang'ombe, kwenye mwinuko, na mtaro unapita mbele ya mlango wangu ukishuka hadi kwa jirani yangu Kokushubila, anayekaa bondeni na mama yake mzee. Taka zetu alikuwa akizizoa Shomari wa mkokoteni, mpaka siku aliponiambia, "Sista, maganda weka mbali na chupa, mie nachambua kwa mikono," nami nikaona kanidharau, nikamfukuza, nikaanza kufanya kama wengi mtaani kwetu wafanyavyo, yaani kujaza taka kwenye viroba, kuviweka uani kusubiri mvua kubwa, na ikinyesha kuvisukumia mtaroni viende na maji, wala sikuwahi kujiuliza vinakwenda wapi, vikishavuka mlango wangu mie nilihesabu vimefika.

Mwezi uliopita ikanyesha mchana kutwa, nikasukuma viroba vitatu, maji yakakwama kwenye kalavati, lile bomba la chini ya barabara, karibu na kwa Kokushubila yakaingia ndani, na mama yake katika kuhangaika kutoka akateleza akavunjika nyonga, hadi leo yuko kitandani na haijulikani kama atatembea tena. Majirani tukatoka kuzibua, na kiroba cha kwanza kuvutwa kilikuwa changu, nilikifunga kwa utepe niliouchana kwenye kanga yangu, na Bi Arwa, kanga ya pili ya doti hiyo hiyo nilikuwa nimejifunga kiunoni! Nikakimbia ndani kubadilisha, hakuna aliyeona.

Tangu hapo kila asubuhi nampelekea bibi uji, naye Kokushubila ananisifu mbele za watu, "Huyu si jirani, ni ndugu wa tumbo moja," nami uji ule naukoroga huku nalia. Kibaya zaidi, watu wamemshuku Shomari kuwa ndiye anayemwaga taka mtaroni, na mjumbe wa mtaa aliponiuliza kama nimewahi kumwona, nikaitikia kwa kichwa. Jumapili kuna mkutano wa kumpiga marufuku asikanyage mtaani, na ana watoto. Nikisema, nampoteza Kokushubila na mume wangu anaaibika, nikinyamaza ndiyo hivi unavyoniona, nifanyeje?

Jirani wa Mwinukoni, Chang'ombe

Jibu la Bi Arwa

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilikasirika, na yote mawili bado ninayo.

Nakuhurumia kwa sababu hukukusudia kumvunja bibi wa watu, na mchezo wa kusubiri mvua mnaucheza mtaa mzima. Lakini kumwitikia mjumbe hakukuwa mazoea. Pale ulijua. Mtu alikuomba kitu kidogo, utenge maganda, wewe ukamsingizia! Na huo uji usiufanye pazia.

Unaogopa kumpoteza Kokushubila. Huenda ukampoteza, sitakudanganya. Ila mficha uchi hazai, na huyo ndugu anayesifiwa kila asubuhi si wewe ninayekusoma hapa.

Leo hii nenda kwake mikono mitupu. Kaa karibu na kitanda, mwambie yeye na mama yake, bila kuwataja majirani wala kuisingizia mvua. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea, na kesho uji upeleke vilevile, uuache mlangoni. Mumeo naye mwambie mapema, asije akayasikia mkutanoni. Kisha mfuate Shomari kwake umwombe radhi, usimsimamishe barabarani.

Na viroba vilivyobaki uani, maana najua vipo, vifungue uvichambue kwa mikono yako. Maganda yachimbie shimo uyafukie, ukipanda mgomba juu yake utayala. Chupa na makopo mtengee Shomari. Sokoni nenda na kikapu, uone kama kiroba kitajaa upesi hivyo. Ukimaliza kunawa utakuwa umeelewa yule kijana alikuwa anakuomba nini.

Jumapili simama kabla jina la Shomari halijatajwa. Hutahitaji maneno mengi. Waliokivuta kile kiroba watakuwepo na macho wanayo. Nenda umejifunga ile kanga ya pili.