Matangazo ya Ijumaa Bila Katibu

Dada Katibu,

Wapendwa, Bwana asifiwe. Matangazo ni manne, na nikimaliza msiniulize nimesema nini. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukianza, na hivyo ndivyo ninavyoanza mimi siku hizi kila Ijumaa, kwa sauti yangu hii ya kuitia ng'ombe. Wanacheka. Halafu mtu mmoja anakukumbuka, na tangazo la kwanza linanishinda hapo hapo.

Nimeketi ndani ya lori hapa Al-Sulay, Riyadh, nangoja zamu ya kupakia. Mbele yangu kuna malori kumi na moja na jua ni lile lile. Nimegeuza fomu ya mizigo nikaona nikuandikie nyuma yake, maana huko uliko simu haishiki, na kuna neno ambalo sijamwambia mtu.

Acha nianze na habari za kanisa. Nakujua, ungeuliza hizo kwanza.

Bado tunakutana kwa Mchungaji, kwenye vyumba vyake viwili nyuma ya duka la vipuri. Bado anatengeneza viyoyozi wiki nzima, kisha Ijumaa anatuhubiria akiwa na vumbi kwenye nyusi. Bado tunaegemeza godoro mlangoni tukiimba, sauti isitoke nje, na bado kwaya inaimba kwa kunong'ona. Mzee Zakayo, yule mlinzi wa ghala ambaye hakuwahi kujua kunong'ona ni nini, amerudi Kenya. Mkataba umeisha, halas. Siku ya kumuaga aliimba kwa sauti yake yote na hakuna aliyemzuia. Chupa ya chai uliyotuachia imepasuka ndani, haishiki joto, na Mchungaji amekataa isitupwe. Imekaa tu dirishani. Mimi ningeitupa. Hapana, nadanganya, singeitupa.

Na ile dua yako ya kufungia matangazo, "Bwana aturudishe kwetu, tukiwa wazima au tukiwa kwenye sanduku," hiyo siisemi. Nimejaribu. Mdomo unakataa.

Jambo kubwa ni kwamba sheria yako tumeifuta. Usinune, nisikilize kwanza.

Unakumbuka ilivyoanza. Dada mmoja alikuwa na daftari lenye majina yetu yote, kama yalivyo kwenye ikama, vile vibali vyetu vya kuishi huku, na madam wake akaliona chini ya mto. Hakuna aliyekamatwa, lakini yule dada alinyimwa Ijumaa zake, simu ikachukuliwa, na sisi wengine tukakaa miezi miwili kila mtu kwake kwa woga. Tulipokutana tena ulichukua daftari la kanisa, lile rasmi, ukalirarua mbele yetu na kulilowesha kwenye beseni la vyombo mpaka likawa uji. Ukasema, "Jina la nyumbani libaki nyumbani." Kila mtu ukampa jina la kanisani. Mimi ukaniita Petro kwa sababu, ulisema, nina haraka ya kujibu kabla sijaulizwa. Wewe ukajiita Tumaini. Kisha ukaongeza la pili: mtu akikupigia kukuuliza jina usilolijua, sema hulijui, kata simu.

Majina yetu ya kweli uliyaweka kichwani. Mtu akiugua, ulijua ni mtoto wa nani, wa wapi, na nambari ya mamake unaitaja bila kufikiri. Sote tulikuwa kichwani mwako. Haikutujia hata siku moja kuuliza wewe uko kichwani mwa nani.

Mmoja wetu aliombwa akutunzie jina, na ni mimi. Ijumaa ile ya mwisho kabla kafili wako, mwajiri wako wa huku, hajahamishia familia yake Jeddah, wewe unaosha vikombe, mimi nakausha huku nalalamika kama kawaida yangu. Ukatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba. "Petro, niwekee hii kwenye lori." Nikauliza ni nini. Ukasema ni jina lako na nambari ya mama, lolote likitokea. Na mimi mjuaji nikakuambia, "Dada, sheria umeitunga wewe mwenyewe, usiwe wa kwanza kuivunja." Ulicheka. Haki ulicheka, pengo lako lote nje, ukairudisha karatasi mkobani ukasema basi, utatafuta njia nyingine. Nikaendelea kukausha vikombe. Nilijiona nimesema neno la maana sana siku hiyo.

Ukaenda Jeddah na matangazo yakaendelea kutufikia kwenye simu, kila Ijumaa, kama vile uko chumba cha pili. Halafu Ijumaa moja hakuna kitu. Tukasema chaji imeisha, au madam amechukua simu. Mimi nikaandika kwenye kikundi kwamba katibu ametuchoka, amepata kanisa lenye viti. Watu wakacheka sana. Ijumaa ya pili pia kimya, na Mchungaji akatupigisha magoti. Wiki iliyofuata Dada Rehema, anayefanya kazi jengo la jirani na lenu huko Jeddah, pale Al-Nuzha, akaambiwa na mfagiaji wa jengo lenu kwamba Mkenya wa ghorofa ya tatu alibebwa akiwa na homa kali, siku nyingi zilizopita, na hajarudi.

Wiki hiyo hiyo nilipewa mzigo wa kupeleka bandari ya Jeddah. Nilipofika niliegesha lori nje ya mji nikachukua teksi mpaka hospitali aliyoitaja mfagiaji. Yule karani wa mapokezi alikuwa mtu mzuri, siwezi kumsingizia. Akasema nimpe jina lililo kwenye ikama. Nikasema Tumaini. Akaandika, akatikisa kichwa: mafi, hakuna. Nikasema ni mwanamke, Mkenya, mrefu, ana pengo la mbele. Akaniambia mashine yake haina mahali pa kuandika pengo. Akauliza jina la kafili. Sikulijua pia. Wewe ulimwita bosi, na sisi tukamwita bosi wa Tumaini. Nyuma yangu kulikuwa na mama ameshika mtoto anayetapika, nikaona aibu kuzuia watu, nikatoka.

Kumbe ulikuwa mle mle ndani, chini, kwenye chumba cha baridi. Ulikuwa umeandikwa kwa lile jina nililokataa kukuwekea.

Asubuhi yake nikiwa kwenye foleni ya bandari simu ikalia, nambari ya nyumbani. Sauti ya mama mtu mzima. "Wewe ndiye Petro wa lori? Mimi ni mama ya Felista." Nikasema, "Mama, mimi simjui Felista." Akarudia polepole, kama anayeongea na mtoto: "Felista Mwikali. Aliniambia akinyamaza nikupigie wewe." Neno hilo, akinyamaza, nililisikia vizuri, sitakuficha. Lakini nilichofikiria ni lile daftari chini ya mto. Nilidhani kuna mtu anatutafuta, ameanza na jina asilojua kama tunalijua. Nikasema simjui, nikakata. Nikazima na simu kabisa. Dada, nilijiona nimelilinda kanisa.

Kutoka pale nilipokuwa hadi hospitali hakufiki nusu saa. Nilikuwa na jina lako sikioni na nikaendelea kusogeza lori, hatua moja, nangoja, hatua nyingine. Najua ni jina gani ulilonibatiza. Asije mtu akaniambia habari za jogoo.

Siku tisa nilikaa hivyo. Nilisharudi Riyadh, nimeketi hapa hapa Al-Sulay nakula maharagwe, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka nambari ile ile. Nikabonyeza nikiwa na kijiko mdomoni. Ulikuwa wewe. "Wapendwa, Bwana asifiwe. Matangazo ni matatu, na nikimaliza msiniulize nimesema nini." Yale ya mwisho kabisa. Kumbe kila Ijumaa ulimtumia na mama, miaka yote hiyo, na yeye kule Mwingi anatujua sote: Zakayo na sauti yake, chai ya Mchungaji isiyo na sukari, mimi na ugomvi wangu. Ulipomaliza, sauti yake ikaja. "Huyu ndiye Felista wangu. Mnamjua sasa?"

Nilipiga kelele mpaka Wapakistani wa lori la pili wakashuka kuja kuona. Nikampigia Rehema, nikamtajia jina lako herufi kwa herufi. Rehema akamwomba madam wake ruhusa, na madam, Mungu ambariki, akamwendesha mwenyewe mpaka hospitalini. Saa moja haikupita akanipigia. Walikuwa wamekuzika siku nne kabla, palepale Jeddah, kwenye makaburi ya Wakristo. Wakala aliyekuleta huku alishafunga ofisi Nairobi na simu yake haipatikani, na wao hawakuwa na nambari nyingine ya nyumbani kwenu. Kwenye karatasi zako wameandika kwamba familia haikupatikana.

Haikupatikana, Dada. Na mama yako alikuwa amenipigia mimi.

Nilimwambia mimi mwenyewe. Mchungaji alitaka afanye yeye nikakataa, hiyo angalau sikuikimbia. Hakulia, au alilia nikiwa sisikii. Aliuliza kama inawezekana kukuchukua, maana mahali alishapanga, kando ya baba yako. Tuliuliza kila mlango tuliofunguliwa. Jibu lilikuwa lile lile, aliyekwisha kuzikwa hafukuliwi. Nilipomrudishia jibu hilo, akauliza kama kuna mtu aliyekuimbia. Nikamwambia hapana, Mama, hakukuwa na mtu.

Mwezi uliofuata nilipata mzigo mwingine wa Jeddah. Tulienda kaburini kwako, mimi na Rehema na dada wawili. Mlinzi wa pale alisoma nambari kwenye karatasi yetu akatupeleka. Ni saruji ndogo yenye nambari, bila jina, na upande wako mmoja amelala mtu mwenye nambari inayofuata. Dada hao waliimba kwa kunong'ona, wamezoea. Mimi sikuimba. Niliokota takataka zilizopeperushiwa hapo, chupa na mifuko, nikajaza mfuko mzima kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Ndiyo maana tumeifuta sheria yako. Mchungaji alileta daftari jipya, na kila mtu alisimama akasema jina lake la kwao, la baba yake, na nambari ya nyumbani. Zakayo, kabla hajaondoka, alisimama akasema anaitwa Jackson, na hakuna aliyeamini. Tulicheka mpaka tukalia, na sijui ni ipi ilianza. Daftari moja liko kwa Mchungaji, la pili liko humu kwenye lori, chini ya kiti changu. Woga upo. Tumeamua kuogopa nalo.

Mama yako aliomba kitu kimoja tu: asikatiwe matangazo. Kwa hiyo kila Ijumaa nikisoma najirekodi, namtumia. Ananijibu ananirekebisha. Petro, punguza mbio. Petro, hujasema yule dada aliyevunjika mkono anaendeleaje. Ni wewe mtupu.

Sasa hili ndilo neno lenyewe. Majuzi tukiongea, akaniambia kwa upole kabisa, "Ile siku nilipokupigia mara ya kwanza, mtandao ulikatika, sivyo?" Alijua. Mtu hawezi kuambiwa "simjui" mara mbili akadhani ni mtandao. Alikuwa ananifungulia mlango nipite, mama wa watu, aliyezikiwa mtoto bila kuambiwa. Na mimi nikapita. "Ndiyo, Mama, ulikatika." Akasema sawa mwanangu, nilijua tu. Akaniuliza kama nimekula.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri. Nilikukataa kwenye vikombe, nikakukataa bandarini, na hii ya tatu nilikukataa mbele ya mama yako, huku ananiita mwanangu.

Kesho ni Ijumaa. Kabla ya matangazo nitampigia. Sitatuma ujumbe wa sauti, nitampigia, ili akitaka kunikatia simu anikatie. Nitamwambia mtandao haukukatika. Nitamwambia kuhusu karatasi na vikombe. Akinisamehe, vizuri. Asiponisamehe, matangazo nitaendelea kumtumia, ayasikilize au asiyasikilize, na likizo yangu ikifika nitapanda mpaka Mwingi, nisimame mlangoni kwake aone sura yangu. Hiyo nakuahidi, na wewe unajua mimi mdomo ninao lakini ahadi sijazoea kutoa.

Malori yamesogea, nimebaki na manne mbele. Kapumzike, Felista Mwikali. Nimelitaja kwa sauti, humu ndani, vioo viko chini, na dereva wa pembeni amegeuka kuniangalia. Aangalie tu.

Ni mimi, Wafula.