Kwa Barua Hii

Kagarama, 3 Juni 2024

Babu, shikamoo.

Natumaini magoti yamepoa. Sisi ni wazima. Shangazi Xavérine anakusalimu. Tunaonana kila asubuhi hapa hotelini, yeye na pasi zake kule dobi, mimi na kompyuta yangu ofisini.

Nina swali, mwalimu. Bosi anataka barua ya kuacha kazi kwa Kiingereza cha heshima, na lazima iwe na neno "hereby". Nalijua kwa macho tu. Linafanya kazi gani?

Mjukuu wako,
Keith

Gatsata, 6 Juni

Mjukuu wangu, marahaba.

Magoti ni yaleyale, ila swali lako limenisahaulisha maumivu.

"Hereby" maana yake ni "kwa barua hii". Ukisema utaacha kazi, hiyo ni nia. Kesho unaweza kughairi. Ukiandika "I hereby resign", umeshaacha palepale, kalamu ingali mkononi. Litumie mara moja tu katika barua, tena kwa jambo zito. Hakuna anayeomba maji ya kunywa kwa "hereby". Na aliyetia sahihi hawezi kudai baadaye kwamba alifukuzwa.

Ila nani anaacha kazi? Kama ni wewe, njoo tuzungumze kwanza.

Babu yako,
Ndihokubwayo

Kagarama, 7 Juni

Babu, shikamoo na asante!

Bosi amefurahi sana. Usiogope, si mimi. Ni watu wote wa dobi. Nimeshazichapa, kila barua na jina lake.

Mjukuu wako,
Keith

Gatsata, 24 Juni

Keith,

Nimetafuta salamu za kuanzia, sikuzipata.

Shangazi yako alikuja jana na karatasi yake. Yeye alisoma Kifaransa, Bujumbura. Kiingereza hajui, nawe unajua kwamba hajui. Waliambiwa ni fomu ya likizo, wakatia sahihi. Alitaka nimsomee tarehe ya kurudi kazini.

Nilimweleza polepole, kama nilivyokueleza wewe. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, papa, nimejifukuza mwenyewe?"

Kisha akasema labda wewe ungeweza kumsemea kwa bosi, maana ni yeye aliyekuombea kazi pale. Akaitazama tena karatasi, akauliza ni nani basi aliyeandika Kiingereza kizuri hivi.

Nikamwambia ni mimi.

Aliondoka bila kuaga. Kwenye chakula chetu cha Jumapili usije, na yeye sijui kama atakuja.

Babu yako