Mzabibu wa Nyuma ya Jiko Lako

Kaka yangu,

U hali gani, na wifi na watoto je? Huku miili haijambo, mioyo ndiyo mizito. Mama anakusalimu, tangu tumzike Baba anakula vijiko viwili vitatu, kisha anasukuma sahani.

Unaikumbuka Kaidi, ile mistari miwili ya mwisho ya mizabibu, ambayo zabibu zake hazikukubali kuiva mpaka nyingine zote ziwe zimeshaingia mapipani. Tulikuwa tukimtania Baba kwamba anafuga mzigo. Basi mwaka jana alikuja mtafiti anayezunguka akitafuta zabibu nyekundu zisizojulikana. Alionja mvinyo wa Kaidi, akaomba tena. Alisema mbegu hiyo hajaiona wala kuisoma popote, na kwamba atarudi na wenzake kuiandikisha. Baba alitembea kifua mbele wiki nzima. Hata muuza mapipa alisimuliwa mara nne.

Kabla hawajarudi, Kaidi ilianza kukauka, mti mmoja mmoja. Kufikia mavuno tulikuwa tumeing'oa yote na kuichoma. Baba alijilaumu. Alisema ugonjwa kauleta mwenyewe, kwa miche ya bei rahisi aliyoipanda kando ya Kaidi. Akaacha kwenda shambani, kisha akaacha kutoka kitandani.

Siku ya mwisho aliomba glasi ya Kaidi. Ilikuwa imekwisha, nikammiminia mvinyo wetu wa kawaida. Alionja, akanirudishia, akasema huu ni wa wateja.

Kaka, miche ile haina kosa. Ni mimi. Unajua sheria ya Baba: ukishaupogoa mti, futa mkasi kwa spiriti kabla hujagusa mwingine. Siku ile nilitoka kupogoa miti migonjwa ya bondeni, nikataka kuiweka Kaidi nadhifu kwa ajili ya wageni. Chupa ya spiriti nilikuwa nimeisahau nyumbani, nikaona uvivu kuirudia. Nikaingia na mkasi uleule. Miezi saba nilimsikia Baba akijilaumu, nikafyata mdomo. Mwanzoni nilimwogopa, baadaye nikaona haya, halafu akafa. Mama hajui.

Katika barua yako ya mwisho ulisema utaukata mzabibu wa nyuma ya jiko, kwa kuwa unaleta sisimizi na zabibu zake haziivi. Hiyo ndiyo Kaidi, Kaka, kile kijiti ulichoondoka nacho kwa mzaha. Kama bado umesimama, usiukate, nakuomba. Na ikibidi kuupogoa, futa mkasi kwanza.

Wasalimie wote hapo. Usiponijibu nitaelewa.

Mdogo wako, uliyemwita Kasuku