Darasa Letu Halifungwi

Mabela,
Maskati.
13 Februari 2003

Mpendwa dada yangu Kheiria,

Assalaam alaykum. U hali gani? Mguu wa Mama umepata nafuu? Jua la Unguja linakuchomeni bado? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, na leo nna furaha isiyonikalisha kitako.

Unajua nasoma Kiingereza jioni, kwenye kituo cha wanawake hapa mtaani. Mwezi uliopita meneja wa kituo, Mwingereza asiyejua Kiarabu wala Kiswahili, alibandika tangazo kuwa darasa letu litafungwa. Eti wanawake wa makamo hawashiki lugha! Ananiambia mimi, ninayemaliza vitabu kama watu wanavyomaliza karanga!

Nikamwandikia kwa Kiingereza. Nikamuuliza hali yake, mkewe, watoto, baridi ya kwao, nikamwombea na dua. Ombi nikalitia mwisho, ukurasa wa pili, kama tulivyolelewa. Akanijibu kifupi: ahsante, mke wangu hajambo. Basi!

Mume wangu Msellem alicheka mpaka akashika ukuta. "Mpelekee na halwa, Bi Nasriya, labda atakusikia!"

Mwalimu wetu Hind hakucheka. Aliisoma barua yangu mbele ya darasa zima, akasema: "Mgeni huyu umemkaribisha, umemlisha, umemuaga, na ulilomwitia hukumwambia." Wenzangu wakaguna. Wote huandika vivyo hivyo.

Sikubali, dada, kuwa hatujui kuandika. Salamu ni adabu na siiachi. Lakini bwana yule husoma barua kama bili ya umeme: anatazama juu kinachotakiwa, kisha anaiweka.

Nikaandika upya. Mstari wa kwanza: usilifunge darasa letu. Wa pili: kama hatushiki lugha, njoo utusikilize. Tukatia saini sote.

Akaja! Nikasimama, nikamshambulia kwa Kiingereza hicho hicho, makosa yakiwemo. Kila alipobisha nilimjibu papo hapo, wala sikumtazama Hind anisaidie. Mwisho akaenda mwenyewe ukutani, akalibandua tangazo lake.

Darasa lipo, Kheiria! Na Bi Sayyida, mama mkwe wangu, aliyekuwa kila siku akinitaka nibaki jikoni, kajiandikisha jana.

Nibusie Mama mikono, nisalimie kaka Harub na Bashayer. Mungu akuzidishieni afya na akujaalieni kila la kheri.

Nduguyo akupendaye kwa dhati,
Nasriya