Komeo la Nje

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana najua kazi yako ya kuzalisha watoto wa watu haikupi nafasi hata ya kumaliza kikombe cha chai. Mgongo umepoa, au bado unautumikisha kama wa punda? Shemeji hajambo? Wapwa zangu je, hasa yule wa mwisho aliyenikatalia kwenye simu kwamba mimi si mjomba wake, kwa kuwa mjomba wake ni mrefu? Mwambie urefu ninao, ila simu haiuonyeshi.

Sisi huku miili ni mizima. Baba anakula, analala, na yale magoti yaliyokuwa yakimsumbua yamemwachia. Magoti yamepona kupita kiasi, kama utakavyoona mbele.

Najua unajiuliza kwa nini mtu uliyempa mwenyewe jina la Chiriku, kwa kuropoka kwake tangu utotoni, leo ameshika kalamu wakati simu ipo. Kwanza, ninapoongea na wewe Baba huwa kando yangu, ananitazama mdomoni, na kuna mambo siwezi kuyasema huku ananitazama. Pili, kwenye simu huwa nakudanganya. Sipangi, Dada. Unauliza anaendeleaje, na mimi najikuta nimeshasema anaendelea vizuri, usijali, niko naye. Kwenye karatasi naona haya, kwa sababu uongo ukishaandikwa unabaki pale pale unakutazama.

Nianze na kazi, maana mambo yote yameanzia huko. Safari ile uliniuliza kama bado natengeneza vimilango vya wanasesere. Wateja wangu wakikusikia watazirai. Ni milango ya mchezo wa mezani, na wachezaji wenyewe ni watu wazima wenye ndevu na vitambi. Wanapanga majengo ya kadibodi juu ya meza kubwa, wanaweka vijisanamu vya askari vyenye urefu wa kidole gumba, kisha wanarusha dadu kujua nani kampiga nani. Kuta wanajenga wenyewe. Milango ndiyo inayowashinda, kwa sababu lazima mlango ufunguke, ufungike, na ukiuacha nusu wazi ubaki hapo hapo bila kuanguka. Mimi ubao wangu ni vijiti vya aiskrimu, bawaba ni bati la kopo la soda lililozungushwa kwenye pini, na kitasa ni ushanga. Mteja wangu mkubwa tunamwita Jenerali. Siku za kazi anauza miwani, lakini Jumamosi anaongoza majeshi.

Baba alipohamia kwangu nilimwona ananyong'onyea, mtu aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa tuliokulia amekaa tu anahesabu vidole. Nikamsogezea kiti mezani. Alichukua kijiti, akakipiga msasa, akakitazama kwa jicho moja kama alivyokuwa akitazama mbao, na toka siku hiyo tukawa wawili. Mikono yake haijasahau kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesahau. Hili sikukwambia: mimi haniiti tena mwanangu. Ananiita fundi. Anaamini tumeajiriwa karakana moja, na kwamba bosi wetu ni bahili kwa kutupa mbao ndogo namna hii.

Usidhani tulikuwa tunalia tu. Kuna siku alinivunja mbavu. Askari wa Jenerali wanasimama juu ya kibao cha duara ili wasianguke, kwa hiyo mlango wao lazima uwe mpana kuliko unavyopaswa kuwa kwa mtu. Baba hakutaka kusikia. Alimpima askari, akamwongezea nafasi anayoongezewa mtu wa kweli, akatengeneza milango iliyonyooka mpaka unatamani kuilamba. Jeshi zima likakwama kizingitini. Jenerali alilirudisha boksi, na mimi nikamweleza Baba malalamiko yake. Akanijibu kwamba mlango hauna kosa, huyo bwana awavue watu wake masinia waliyokanyaga ndipo waingie ndani. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka kwa sababu mimi nacheka.

Basi nikadhani nimepata dawa. Jumamosi moja nilimchukua kwenda kwa Jenerali aone kazi yake ikitumika. Alikaa vizuri, akasalimia kila mtu. Mchezo ukafika mahali askari wanataka kuingia nyumba fulani, Jenerali akarusha dadu na kutangaza kwamba mlango umevunjwa. Baba akasimama. Aliwauliza wale watu wazima kwa nini wanavunja mlango kabla ya kupiga hodi. Walidhani anatania. Alipoona hakuna anayemjibu, alianza kung'oa milango kwenye majengo, mmoja mmoja, anaitia mfukoni, huku akisema kwamba mafundi hawafanyi kazi ili wahuni wavunje. Nilimshika mkono tukaondoka. Jenerali ni mtu mwema, hakugomba, lakini baadaye aliniomba kwa upole nisimlete tena.

Kazi ilipokuja kubwa zaidi, ya ngome yenye mahabusu, Baba tulikuwa naye mezani bado. Jenerali alitaka vyumba vya wafungwa, kila mlango uwe na komeo kwa nje. Baba aliitengeneza yote na makomeo akayapachika ndani. Nikamweleza. Akanitazama kama unavyomtazama mwanafunzi aliyekuudhi, akaniambia kwamba komeo ni la anayelala chumbani, na aliyemfundisha kazi alimkataza kumtengenezea mtu mlango asioweza kuufungua mwenyewe. Nilimwambia hawa ni wafungwa wa bati. Akasema bati au nyama, yeye hafanyi. Ilibidi nisubiri ajilaze mchana, niyabandue, niyahamishie nje mimi mwenyewe.

Kisha akaanza kutoka. Unajua vyumba vyetu vilivyo, changu na chake vinapakana, na milango yote inaangalia ukumbi mmoja wa wapangaji, kisha ngazi, kisha barabara. Nikienda kupeleka mzigo, nikirudi hayupo. Mara ya kwanza mama fundi cherehani wa chini alimkuta kwenye kona, anakagua mlango wa duka la watu na kumwambia mwenye duka kwamba umeshuka. Mara nyingine alirudishwa na mtu nisiyemjua, akiwa na kiatu kimoja. Mama cherehani alinisaidia kumwangalia, lakini naye ana kazi yake, na mguu ukiwa kwenye cherehani macho hayawezi kuwa mlangoni.

Hapo ndipo wewe uliposema habari za ile nyumba ya kutunzia wazee iliyo karibu na kwako. Unakumbuka nilivyokujibu, na hata ukiwa umesamehe najua hujasahau. Nilikwambia kwamba wewe umezoea kupokea watu wanaokuja na huna habari na wanaoondoka. Nilikwambia Baba yetu si kuku wa kufungiwa banda, na kwamba nikiwa hai hakuna mtu atakayemfungia mlango. Uliniomba radhi wewe, mkubwa wangu, na tangu siku ile kila ukipiga simu unanishukuru kwa moyo nilio nao. Kila shukrani yako, Dada, inanichoma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nilikuwa nakusema moyoni. Kumbe nyani haoni kundule.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo naliandika. Nimeweka komeo kwenye mlango wa chumba cha Baba, kwa nje. Nilikuwa nimeliweka kabla hujanitajia ile nyumba. Siku niliyokufokea nilikuwa nimesimama ukumbini, simu sikioni, na komeo liko mbele ya macho yangu.

Nilijiambia ni la kupelekea mzigo tu. Namwachia maji, chakula na vijiti vyake, navuta komeo, nakimbia kwenda na kurudi. Mama cherehani aliliona. Aligeuza uso tu akaendelea kupanda ngazi. Njiani huwa nafikiria moto. Nafikiria jiko la mpangaji fulani limeshika, watu wote wanatoka wanakimbia, na yeye yuko ndani anagonga kwa adabu.

Wiki iliyopita nilirudi nikakuta mlango umetoka. Haukuvunjwa. Ulikuwa umeegemezwa ukutani vizuri, komeo likining'inia, na pini za bawaba zimepangwa sakafuni kwa mstari. Mlango ule unafungukia ndani, kwa hiyo bawaba ziko upande wake, na kwa Baba hiyo ni kazi ya mpini wa kijiko na kisigino cha kiatu. Yeye alikuwa kwenye kiti, katikati ya uwazi, mikono juu ya magoti. Nilimuuliza kwa nini hakutoka. Akaniambia, huku akinishangaa, kwamba mtu hawezi kuondoka akaacha chumba cha watu hakina mlango, wezi wataingia, na kwamba alikuwa akinisubiri mimi fundi mwenzake nije tuurudishe.

Nililia, Dada, na sikujificha. Halafu nikajiona mjanja. Nikasema kumbe dawa ni hiyo, nikiuacha mlango umetolewa atakaa kulinda. Kesho yake niliuacha hivyo hivyo ukutani nikaenda zangu kwa Jenerali na moyo mweupe. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Tulimtafuta mpaka jua likawa linazama, mimi, mama cherehani na nusu ya wapangaji. Tulimkuta ng'ambo ya ile barabara kubwa, ile ambayo mimi mwenyewe huivuka kwa kuomba Mungu, kwenye yadi ya mbao. Alikuwa amekanyaga msumari, damu imejaa kiatuni, na anawachagulia wateja mbao zisizopinda. Kidonda kimesafishwa na sindano amechomwa, kwa hilo usihangaike. Mimi ndiye ambaye sijatulia.

Asubuhi iliyofuata niliurudisha mlango. Safari hii niligeuza na bawaba, nikazipeleka nje, asizifikie. Baba aliniona nikihangaika akaja kunisaidia. Alinishikia skrubu kiganjani, akawa ananipa moja moja kabla sijaomba, akanikumbusha nitoboe kwanza nisije nikapasua mbao. Tulipofika kwenye komeo mkono wake ukasita. Akaniuliza nani anakaa humu. Nikamwambia hakai mtu, ni stoo. Akasema kama ni stoo sawa, akanipa skrubu zilizobaki. Tulipomaliza alilivuta na kulirudisha mara kadhaa, akanisifu, akasema sasa hapatoki kitu. Kisha alikuwa amechoka, mguu unamuuma. Aliingia ndani mwenyewe, akajilaza kitandani, na mimi nikabaki ukumbini na bisibisi.

Nilikuwa na mzigo wa kupeleka. Nilifunga.

Ndiyo maana naandika. Nimejikaza kisabuni, nimeshindwa, na sitaki tena unishukuru. Naomba radhi kwa yale niliyokwambia, kwa sababu hayakukuhusu wewe, nilikuwa najisema mimi. Nakuomba uende kwenye ile nyumba, si kwa simu, uingie, uzunguke, ukae mchana mzima kama wanakuruhusu. Sikuulizi kama wanafunga milango. Najua wanafunga. Nataka ujue kama kuna mtu anayekaa ndani pamoja nao mlango ukishafungwa. Kama yupo, niambie siku, nitamleta Baba mwenyewe, na mimi nitatafuta chumba huko huko. Vimilango naweza kutengeneza popote palipo na meza. Kama hayupo, njoo wewe, hata kwa siku chache, tufikirie pamoja, maana kichwa changu peke yake kimefika mwisho na kinanipa majibu mabaya.

Usimwambie Shemeji yote. Mwambie nusu, nusu nyingine nitamwambia mwenyewe nikiwa na uso wa kumtazama.

Wabusu wapwa zangu, na huyo mbishi mwambie mjomba atakuja apimwe kwa futi kamba. Mama cherehani anakusalimu sana, anasema yupo. Baba naye anakusalimu. Sitakudanganya tena hata kwa hili: nilipomwambia namwandikia dada, aliuliza ni dada wa nani. Nikamjibu ni wangu. Akafikiri kidogo, akasema basi nisiache kumfikishia salamu zake, kwa kuwa mtu mwenye ndugu mzuri kama mimi lazima atakuwa mtu mwema.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku