Kadi Tatu za Mvua

Mtaa wa Gát, Na. 11,
Szeged.
21 Mei 2023

Mpendwa dada Hajnalka,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, maana mama mkubwa Ilka ametuambia mgongo umekutesa tangu mhame nyumba. Je, mazoezi uliyopewa hospitali yamekusaidia? Shemeji Duncan hajambo? Na Lilla ameshapata marafiki katika shule mpya, au bado analilia ile ya zamani? Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne na mfuko wa viazi, na ukimpokea anakununia siku nzima. Mimi macho yananiwasha nyakati za jioni, jambo la aibu kwa mtu anayekata lenzi za miwani ya watu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu siku hizi watu wanaonana nyuso, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema huku nikiuona uso wako.

Unaukumbuka mchezo wa Ngome, ule tuliokuwa tukiucheza likizo nzima kwenye ngazi za jengo letu mpaka jirani anatoka na ufagio? Wewe uliacha ulipoolewa. Mimi sikuacha. Kila Jumamosi, miaka kumi na sita sasa, nipo dukani kwa Gergely, nyuma ya soko, nacheza na watu walio wadogo kwangu kwa miaka kumi au ishirini. Mambo ni yale yale: kila mtu anajijengea fungu lake la kadi sitini, kadi za chemchemi zinakupa nguvu, na kwa nguvu hizo unaita askari na wanyama wako mezani ummalize mwenzako. Ugumu ni kujua kadi gani ziingie katika zile sitini, na gani zibaki nje.

Fungu langu la sasa ni la mawe. Ni zito na halina haraka. Baridi yote iliyopita nililishughulikia kama mtu anayekaza nyuzi za fidla. Nilianza na chemchemi ishirini na sita, nikaona zinajaa mkononi bila kazi, nikashuka hadi ishirini na tatu. Niliweka Majitu ya Mawe matatu. Nilicheza peke yangu mezani, mkono wa kulia ukipigana na wa kushoto, nikiandika kila kadi iliyonichelewesha. Shabaha yangu ilikuwa mashindano ya mkoa ya mwezi wa Aprili, kwa sababu mshindi mmoja tu anapelekwa kwenye mashindano makubwa ya Praha mwezi wa Juni. Miaka kumi na sita, dada, sijawahi kwenda hata Budapest kwa ajili ya mchezo huu.

Sasa nije kwa Orsolya, au Orsi kama tunavyomwita, mke wa mdogo wangu Botond. Picha za harusi yao uliziona. Mwezi wa Novemba alivunjika kifundo cha mguu, akakaa nyumbani na plasta, na mdogo wangu akamletea boksi la kadi zangu za zamani ajiliwaze. Mimi mwenyewe ndiye niliyezitoa. Nilidhani atapanga zile zenye picha nzuri na kuchoka baada ya wiki.

Mwezi wa Februari alinifunga. Ilikuwa mbele ya duka zima, na alinifunga kwa kadi ya Mfuga Nyuki, kadi ambayo sote tulikuwa tukiicheka, ambayo mimi nilikuwa nimekunja moja na kuiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Yeye aliweka nne. Nyuki wadogo wadogo, mmoja baada ya mwingine, wakanimaliza kabla Jitu langu la kwanza halijashuka. Gergely alikuja na kiti chake akakaa karibu naye ili amweleze alivyofikiria. Kwangu hajawahi kuja na kiti.

Wiki iliyofuata Orsi alinitazama nikicheza, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba lile Jitu la tatu nalipenda, lakini halinisaidii. Nilimjibu kwamba asubiri apate uzoefu. Nilikaa nalo wiki tatu kwa ubishi, halafu siku moja nikiwa peke yangu nikalitoa. Tangu hapo fungu langu likawa bora. Sikumwambia mtu.

Ungedhani kufungwa ndiko kulikoniuma. Hapana. Kilichoniuma ni Botond. Miaka yote hii mdogo wangu hakuwahi kukanyaga dukani kunitazama, akisema mchezo wa karata za mazimwi haumwingii kichwani. Sasa kila Jumamosi yupo, amesimama nyuma ya mke wake na chupa ya chai ya limau, anajua jina la kila kadi. Na mama, ambaye alikuwa akiuita mchezo wangu "yale makaratasi yako", alimwokea Orsi keki ya cheri siku aliposhika nafasi ya kwanza dukani. Nililetewa kipande. Nilikila. Kilikuwa kitamu, na nilikichukia.

Mashindano yalikuwa Jumamosi baada ya Pasaka. Alhamisi iliyotangulia, mchana, Orsi alikuja kwangu. Mguu ulikuwa umepona, alipanda ngazi mbili mbili. Alimwaga kadi zake zote sitini juu ya meza yangu ya jikoni bila kuficha hata moja, akaniomba nizipitie naye. Alisema kuna kadi tatu hana uhakika nazo, Mvua Kubwa. Hiyo ni kadi mpya kwako: inazima kila kiumbe cha moto kilichopo mezani, na haina kazi nyingine yoyote. Ukikutana na mtu wa moto, inakuokoa. Usipokutana naye, umebeba karatasi tatu za bure.

Dada, Gergely alikuwa ameshaninong'oneza kwamba timu nzima ya Kecskemét inakuja na moto. Nilijua tangu Jumatatu. Mvua Kubwa tatu zilikuwa tayari ndani ya fungu langu, kwenye kabati, hatua mbili kutoka alipokaa.

Nikamwambia azitoe. Nilisema moto umepitwa na wakati, hakuna mtu makini atakayekuja nao. Nilisema kwa sauti ile ile ninayowaambia wateja wangu fremu gani inawapendeza. Akazitoa moja moja mbele yangu, akaweka ndege watatu mahali pake, akanibusu mashavu yote mawili na kusema ana bahati ya kupata wifi kama mimi. Alipoondoka nilisafisha jiko lote, hata nyuma ya friji.

Siku yenyewe tulikuwa watu sitini na wanne katika ukumbi wa shule. Orsi alikutana na moto raundi ya kwanza, akafungwa. Akashinda ya pili. Ya tatu akakutana na moto tena, akafungwa mara ya pili, na ukifungwa mara mbili unatoka. Alikuja kwenye meza yangu wakati wa mapumziko na vimkate vya jibini alivyopewa na mama, akanigawia. Botond alianza kulalamika, na yeye ndiye aliyemnyamazisha. Alisema nilimshauri kwa kile nilichokijua, na hakuna anayeweza kujua watu sitini wamekuja na nini. Nilikimaliza kimkate chote, nikasukuma kwa maji.

Mimi niliendelea kushinda. Sijui nikuelezeje: mikono yangu ilikuwa mikavu, kichwa kimetulia, kila kadi ikija wakati wake. Nilifika fainali. Mpinzani wangu alikuwa Zalán, mwalimu wa kemia kutoka Kecskemét, mwenye ndevu na tabasamu la mtu anayejua ameshashinda. Moto mtupu. Mchezo wa kwanza alinifunga, wa pili nikamfunga bila hata kuigusa Mvua. Ukabaki wa tatu.

Watazamaji waliruhusiwa kusimama nyuma yetu, kimya. Nyuma ya kiti changu alikuja Orsi. Sikuhitaji kugeuka, aliweka mkono wake juu ya mgongo wa kiti, kama mtu anavyomshika ndugu yake bega.

Zalán alikuwa na viumbe vitano mezani. Mimi nilibakiwa na uhai wa pointi mbili tu. Nikavuta kadi, na ilikuwa Mvua Kubwa. Nikaificha haraka kifuani, nadhani Orsi hakuiona. Nilihesabu mara mbili, mara tatu, nikitafuta njia nyingine yoyote ya kuokoka zamu ile. Haikuwepo. Ningeiacha mkononi, ningefungwa, na Orsi asingejua kitu maisha yake yote. Ningeishusha, ningekwenda Praha.

Niliishusha.

Viumbe vyote vitano vikaondoka mezani. Zalán akapumua kwa nguvu. Na ule mkono ukatoka kwenye kiti changu. Haukutoka ghafla. Kidole kimoja kimoja. Zamu tatu baadaye Jitu langu lilimaliza kazi, watu wakapiga makofi, na nilipogeuka Orsi alikuwa akipiga makofi pamoja nao. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.

Mama alilia kwa furaha. Botond alinikumbatia hadi miguu ikaacha sakafu, kwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto. Nilikuwa nimekitaka kitu hicho kwa miaka mingi, dada, na nilikipata nikiwa na wifi yangu mbele ya macho.

Nje, kwenye maegesho, Botond alikwenda kuleta gari na mama akaenda naye. Tukabaki wawili.

"Uliziweka lini?" akaniuliza.

"Wiki ile ile."

"Kabla sijaja kwako, au baada ya kuondoka?"

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa tayari. "Kabla," nikasema.

Alifunga zipu ya koti lake hadi kidevuni. "Wachezaji wa kuniambia waliyoyasikia wapo tele, wifi. Ningekwenda kwa Gergely. Mimi nilikuja kwako kwa sababu wewe ni wifi yangu."

Njia nzima aliketi mbele, akitazama mto Tisza dirishani.

Jumatatu Botond alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya ofisini. "Hongera kwa kwenda Praha, dada. Jumapili sisi tutakula kwetu."

Unajua Jumapili za mama zilivyo. Aliweka sahani nne, akapakua supu ya samaki, akasubiri. Supu ikapoa. Akaniuliza mimi badala ya kumpigia Botond simu, kana kwamba alikuwa ameshajua mlango wa kubisha. Nikamweleza yote, hata zile Mvua kwenye kabati. Aliweka kijiko chini, akasema tangu Botond azaliwe nilikuwa nikimhesabia vijiko vya sukari kwenye kikombe, na alidhani nikifika miaka arobaini nitaacha. Kisha akaniambia nile, maana samaki wa bei ile hamwagwi.

Najua utaniuliza kwa nini sikumpa Orsi nafasi yangu. Kanuni haziruhusu. Lakini nikuambie ukweli, kwa kuwa ndiyo sababu naandika: sikuuliza kanuni hadi wiki ya pili, na nilipoandikiwa kwamba haiwezekani, nilifurahi.

Basi nikarudi kwenye mazoezi ya mkono wa kulia na wa kushoto. Hayakunisaidia kitu. Mkono wa kushoto unajua wa kulia umeshika nini, kwa hiyo hakuna anayeshtuliwa. Dukani walikuwa wakinipongeza, na nikiwaalika nyumbani kila mmoja ana shughuli. Nadhani wanajua. Szeged ni mji mkubwa, lakini duka la Gergely ni chumba kimoja.

Wiki nne zilipita hivyo. Jumanne hii iliyopita, saa kumi alasiri, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Orsi, na boksi la kadi kwapani. Hakunibusu. Alipita hadi jikoni, akaketi kiti kile kile, akatoa fungu lake. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga siku nyingi, mazuri kabisa, na nikashika birika.

"Sijakusamehe," alisema. "Na kahawa sitaki. Changa karata."

Nikachanga. Tulicheza michezo minne. Alinifunga mitatu, na wa nne nadhani alichoka. Hakuzungumza ila kuhusu kadi: hii umeichelewesha, hii Praha wataiona mapema, hapa ulitakiwa kungoja. Kila aliposema, alisema kweli, na kila aliposema kweli, dada Hajnalka, nilisikia ule wivu ukinipanda kama kiungulia. Nilidhani aibu ingeuua. Haikuuua. Nilikaa nao mezani, nikaandika kila alichosema, na safari hii nikamwambia nimeandika.

Alipokuwa akivaa viatu alisema atarudi Alhamisi, na akarudi. Kesho kutwa anakuja tena. Kahawa bado hanywi kwangu. Naiacha tayari kwenye jiko hata hivyo, kisha naimwaga.

Msalimie sana shemeji Duncan, na Lilla mbusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu na anasema usibebe vitu vizito, yeye wa kusema. Mama mkubwa Ilka atakuandikia mwenyewe kutoka Makó baada ya mavuno ya vitunguu. Botond hakusalimu, si kwa ubaya, hajui tu kwamba nakuandikia. Mungu akunyooshee mgongo, akulindie nyumba mpya na wote wanaolala ndani yake, na akupe moyo mwepesi kuliko wangu.

Ukinijibu, niandikie kwa mkono, na usinifiche unachofikiria juu yangu.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata nikiwa hivi,
Emőke