Shuka la Vifungo

3 Februari

Mchumba,

Hujambo huko? Kufua mashuka ya hoteli hakujakuchubua vidole? Mimi mzima. Jino la maana limebaki moja, lakini linafanya kazi ya kumi.

Mwenye hali mbaya ni mke mwenzio. Tangu tumzike mama yako, Bibi kalala kaangalia ukuta, haongei. Daktari kampima, kasema mwili hauna kitu. Anakula vijiko viwili, anarudisha bakuli. Nimempigia ile hadithi ya nilivyorudi na lori kinyumenyume mlima mzima, breki hakuna, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai. Hadithi ile ilimchekesha askari wa barabarani mpaka akasahau kuniandikia kosa. Bibi hata bega halikutikisika.

Naogopa, mchumba. Usimwambie mtu kwamba nimesema hivyo.

Mumeo,
Babu

24 Februari

Shikamoo Babu,

Sijambo, vidole vipo vyote. Mnaendeleaje? Nimempa dereva wa basi mfuko wenu. Ni vifungo vinavyong'oka kwenye nguo za wageni tunapofua. Msimamizi aliniambia nivitupe, nikashindwa. Usimwambie Bibi afanye lolote. Mwekee tu kitandani, karibu na mkono.

Mjukuu wako

15 Machi

Mchumba,

Marahaba. Afya yangu nzuri, ila lile jino halipo tena, na mwenye kosa ni wewe. Mfuko ulifika, barua ikachelewa njiani. Macho yangu unayajua. Nikaona rangi rangi, nikajua mjukuu kanikumbuka kwa peremende. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikachagua nyekundu, nikaing'ata kwa nguvu. Mlio ule ulisikika mpaka kwa jirani.

Bibi akageuka. Akaniangalia sana. Akasema, "Mzee, unakula kifungo."

Neno lake la kwanza tangu mazishi. Ningeula mfuko mzima nisikie la pili.

Akavimwaga kitandani. Akawa anafumba macho, anakipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba, anakiweka huku, anakitoa, anakirudisha. Kesho yake akataka sindano na uzi. Anavishona kwenye shuka lile lile analojifunika. Nikamwambia, mwanamke, shuka halina pa kufungia. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga.

Mumeo kibogoyo,
Babu

2 Aprili

Shikamoo Babu,

Nimecheka peke yangu kwenye mashine za kufulia, wenzangu wakanishangaa. Anakula sasa? Anashona nini hasa? Mimi nipo tu.

Mjukuu wako

30 Mei

Mchumba,

Za kimya? Barua mbili nimekuandikia, hujajibu hata kwa tusi. Sisi tuko salama, na salama yenyewe ngoja nikwambie.

Bibi anakula, tena anasema nimezidisha chumvi. Wanawake wa mtaa wanakuja na sindano zao na vifungo vya nguo walizozichoka. Mwenye duka la unga kaleta vya koti la marehemu mumewe. Wanashona, wanacheka, wananisengenya nikiwa nimekaa hapo hapo. Mashati yangu yote sasa nayafunga kwa kamba. Natembea nayo kwa maringo, watu waulize.

Juzi wakalitundika lile shuka dirishani. Jua lilipopenya kwenye vile vifungo vya kung'aa, mchumba, chumba chote kikajaa vidoa vya rangi, ukutani, darini, kwenye mikono ya Bibi. Ukuta ule ule aliokuwa anauangalia. Unanijua, mimi hata msibani sinyamazi. Nilikaa chini. Nikaanza kuvihesabu vile vidoa kama mtoto. Miaka yote nalala na mtu huyu, sikujua kabeba kitu kama hicho kichwani.

Nikamuuliza, hii ni nini? Akasema, "Sijui bado. Nikikaa hapa nalala usingizi, basi."

Sasa kaninyang'anya kalamu.

Babu

Mjukuu wangu,

Huyu mzee anapenda kuongea mpaka anasahau kuuliza. Barua zako nimezisoma zote. Kila mara unaniulizia mimi, na wewe pia ulimzika mama. Unalala? Unakula? Kimya chako nakijua, nimekilalia.

Omba ruhusa uje. Upande wa chini wa shuka nimewakataza watu wasiuguse. Huo ni wako.

Bibi yako